Mguu wa Kiboko na Mchi Uliofichwa

Hodi hodi, niingie?
— Ingia na hadithi yako!
Nikiingia mtacheka?
— Tutacheka!
Chekeni, lakini taratibu. Hadithi hii mwenyewe naionea haya.

Zamani, wanyama walipokuwa na mahakama yao, Kiboko alikuwa na lori. Barabara nzima aliiona yake. Ngurrr! Huyo anapita. Paaa! Honi hiyo. Na wewe unayekwenda kwa miguu, rukia mtaroni.

Asubuhi moja, ngurrr! Paaa! Kifaranga Kidoti, mtoto wa Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuwa anavuka barabara nyuma ya mama yake. Hakufika ng'ambo.

Kiboko akashtakiwa kwa kuua kwa uendeshaji wa hatari. Mbio mpaka kwa Nguchiro, kanyama kadogo kenye mkia mrefu na maneno marefu zaidi. Huyo ndiye aliyekuwa wakili wa madereva.

"Niambie kweli, bwana mkubwa," akasema Nguchiro. "Mtoto ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mbona hukufunga breki?"

"Nitafungaje kwa mguu mpana huu? Nikikanyaga breki, nakanyaga na mafuta. Kwa hiyo nina mchi wa kutwangia. Nabonyeza mafuta kwa mchi, nakwenda. Breki siigusi kamwe."

Nguchiro akahisi aibu ikimpanda kuanzia mkiani. Lakini kazi ilikuwa kazi. "Mchi huo ufiche," akanong'ona. "Usiutaje kwa yeyote."

Siku ya kesi Mama Kanga akapanda kizimbani. "Nilimwona kwenye usukani! Lile domo ni lake!"

"Pole sana, mama," akasema Nguchiro. "Na mguu wake uliuona?"

"Mguu? Mguu sikuuona. Nilikuwa namtazama mwanangu."

"Ahsante. Kaa chini."

Kisha Nguchiro akaomba mahakama yote itoke nje uani, lilipokuwa lori. Hakimu Korongo akatangulia. Kiboko akapanda kwenye kiti, lori likalalia upande mmoja.

"Mteja wangu, kanyaga mafuta!"

Puu! Akakanyaga mafuta na breki.

"Kanyaga breki!"

Puu! Akakanyaga breki na mafuta.

"Tena!"

Puu! Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mheshimiwa," akasema Nguchiro, "mguu huu hauwezi kuendesha gari. Asiyeweza kuendesha atamgongaje mtu?"

Karani akaandika: Kiboko hawezi kuendesha gari. Hakimu Korongo akamwachia huru.

Lakini Kiboko haridhiki na kimoja. "Sasa nipeni leseni yangu na funguo za lori!"

"Leseni ya nini?" akauliza Hakimu. "Mguu si tumeuona wote? Imeandikwa huwezi kuendesha. Leseni nimeifuta, na usukani usiushike tena maisha yako yote."

"Lakini mimi hutumia..."

Nguchiro akamminya kidole. "Malizia, bwana mkubwa," akanong'ona. "Waambie habari za mchi. Waambie na siku uliyoutumia."

Kiboko akafumbua domo. Akalifumba, paap! Akarudi kwake kwa miguu, puu, puu, puu, akaingia mtoni na hasira zake.

Nguchiro akatabasamu. Hilo la kumwondoa Kiboko barabarani alilipanga tangu mwanzo, na alidhani litatosha kumfutia aibu yake. Kumbe Mama Kanga alikuwa bado amesimama pale uani, peke yake.

"Wakili," akaita. "Wewe umesoma. Kama si Kiboko, nani alimuua Kidoti wangu?"

Nguchiro, yule wa maneno mengi, akageuka. Akainamisha kichwa, akakimbia.

Mpaka leo nguchiro akivuka barabara hukimbia tumbo likigusa vumbi, mkia chini, hatazami upande. Msidhani anaogopa magari. Anaogopa kanga asije akawa kando ya njia, akamuuliza tena.

Funzo, wanangu, ni hili: ukitaka kuendesha gari, hakikisha una mguu mpana. Wenye vijiguu vyembamba kama Mama Kanga watembee kwa adabu, maana makosa yote ni yao.

Natoka, fungeni mlango.
— Tumefunga!
Mbona mwishoni hamkucheka? Afadhali. Mimi siku ile pale uani nilicheka sana, na Mama Kanga aliniona.