Gigabaiti Zilizopungua Harusini

Tajiri Ngwali, mtu wa roho ya korosho, aliagiza video ya harusi ya bintiye iwe gigabaiti elfu moja kamili. Sikudhani, mpiga video, akamletea diski iliyojaa pomoni, lakini kompyuta ikaonyesha mia tisa thelathini na moja.

"Umenipunja!" Ngwali akafoka, akamkwapua kamera yake. "Hii huioni mpaka ulete zilizobaki."

Sikudhani akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Nisamehe, Mzee. Zile nilizikata kukusitiri. Ni pale ulipotoka ukumbini ukidhani huonekani."

Ngwali akatoa macho. "Pale… nyuma ya jiko?"

"Hapo hapo. Nizirudishe? Maana wakwe wanakuja kutazama kesho."

"Nani kasema zimepungua?" Ngwali akamrudishia kamera, na kifurushi cha halua juu yake. "Hizi zinatosha, binti yangu! Hizo nyingine futa. Futa kabisa!"

Sikudhani alipofika barabarani, shoga yake Mwanamvua, aliyekuja naye kumbebea taa, alishindwa kuvumilia. "Haya niambie, alifanya nini nyuma ya jiko?"

"Nitajuaje? Sikukata hata sekunde. Kiwandani kila kipimo wanakihesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne, ndiyo maana diski iliyojaa inasomeka pungufu." Sikudhani akamega halua. "Hata hilo jiko sijui lilikuwa upande gani."