Jina la Binti wa Mwatumu

Sogeeni karibu, na anayesinzia msimwamshe, maana hata mwenye hadithi hii hakuwa na usingizi wa kutosha. Hapa kuna watu watatu na mtoto mmoja. Mkishasikiliza mtatoa hukumu, na chai hakuna.

Muheza, nyuma ya soko la machungwa, katika nyumba ya bati, palikuwa na mzazi aitwaye Mwatumu. Alikuwa amejifungua binti, uzazi wake wa kwanza, na tangu siku ile usingizi alikuwa akiusikia kwa watu tu. Mtoto alinyonya, akalala kidogo, akaamka, akalia, akanyonya tena. Mgeni akiingia, Mwatumu alimwambia kwaheri; akiaga, alimkaribisha. Asubuhi moja alikutwa akiupigapiga mto mgongoni ili ubeue, na mtoto yuko pembeni anamtazama kwa mshangao.

Waliomzunguka walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni mama mkwe wake, Bi Mgeni, mchoma vitumbua. Kipaji chake kilikuwa viganja. Alipitisha kiganja juu ya chuma, akasema "bado", na kweli ikawa bado. Akisema "tayari", hata shetani angemimina unga.

Wa pili ni wifi yake Saumu, dada wa Mhando mumewe. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Aliuza mitumba, na mteja aliyefuata soksi aliondoka na koti zito, kwa joto lile la Muheza, tena akishukuru. Mtu pekee aliyewahi kumshinda ni mume wake wa zamani, ambaye aliondoka bila kusema neno. Hawakupata mtoto.

Wa tatu ni jirani yao Semboja, mwenye bajaji. Kipaji chake kilikuwa kutokuwa na haraka, na kukumbuka. Watu walimwita Harusi, kwa jinsi alivyoendesha kana kwamba nyuma kuna bi harusi na keki. Njia nzima alihoji abiria: umetoka wapi, umemkuta nani, wamekuhudumia? Na akishasikia, hakusahau.

Sasa basi. Mtoto alikuwa hajatimiza wiki, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumpa jina. Nyumba ile ilikuwa na desturi ya kumpasha mzazi moto. Jiko la mkaa liliwekwa chini ya kitanda cha kamba, dirisha likafungwa, naye Mwatumu akalala juu akiokwa taratibu. Mtoto alikuwa na sweta, kofia, soksi, blanketi mbili, na kanga ya kufungia mzigo. Januari hiyo. Muheza. Chini ya bati.

Mchana mtoto akakataa titi. Alilishika, akaliachia, akageuza uso. Mwatumu, Mungu amsamehe, alifurahi. Alijua atapata japo kipande cha usingizi. Alikuwa ameshafumba macho Bi Mgeni alipoingia na uji wa pilipili manga.

Bi Mgeni aliweka bakuli chini, akapenyeza kiganja shingoni kwa mtoto, kisha tumboni.

"Huyu ana moto."

"Chumba chote kina moto, mama," alisema Mwatumu, macho yakiwa bado yamefumba.

"Najua. Tuutoe kwanza wa chumba, tuuone wa kwake."

Akalitoa jiko mwenyewe, akafungua dirisha, akamvua mtoto kofia, soksi, sweta, ile kanga na zile blanketi, akamwacha na nguo moja nyepesi. Wakangoja. Mwatumu alikuwa ameketi sasa, usingizi umemtoka wote kwa mara moja, akimtazama mama mkwe jinsi mteja anavyotazama kitumbua cha mwisho. Bi Mgeni akashika tena, shingo, tumbo, mgongo.

"Wa chumba umeondoka," alisema. "Huu uliobaki ni wake."

Hapo Mhando, aliyekuwa amesikia habari kupitia dirisha, akaingia mbio, ameshika chupa ya dawa ya maji, imebaki robo. Saumu alikuwa nyuma yake.

"Kaka, hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto wa Rajabu, hapo jirani. Inashusha homa hapohapo."

"Mtoto wa Rajabu anacheza mpira. Huyu hata kitovu hakijakauka."

"Nitampa nusu kijiko."

"Na homa ikishuka?"

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Ikishuka utakaa hapa unachekelea, na kilichoileta kiko ndani kinaendelea na kazi. Mtoto wa umri huu hapewi dawa ya kukisia. Lete."

Mhando alitaka kubishana. Alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba, baba wa mtoto. Akaitoa chupa. Saumu akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

"Sasa hospitali," akasema.

Bi Mgeni akatikisa kichwa. "Mtoto aende. Mzazi hatoki kabla ya arobaini."

"Mtoto akaende kunyonya kwa nani, mama? Kwa Mhando? Arobaini haina pa kwenda. Tutaikuta hapahapa tukirudi."

Bi Mgeni akamfunga Mwatumu kanga ya kutokea kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo majirani walilizungumza baadaye zaidi kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Semboja aliitwa. Mhando akamwambia awapeleke zahanati, kwa kuwa ilikuwa karibu.

"Zahanati leo hakuna mganga," alisema Semboja. "Asubuhi nimempeleka mzee mmoja na jino lake, nimemrudisha nalo. Wako kwenye mkutano mpaka jioni. Twendeni hospitali moja kwa moja."

Wakapanda wote, wanawake wamebanana nyuma, Mhando ubavuni kwa Semboja. Mwatumu alikuwa bado na mshono, na kila tuta la barabara ile lilikuwa na ugomvi naye binafsi. Lakini Semboja aliendesha kama anayebeba mayai ya mtu mkali.

"Shemeji, jaribu kumpa titi," alisema. "Mbele kuna shimo, nitakwambia. Ngoja. Ngoja. Haya, sasa."

Mtoto akalishika titi kwa uchovu, akanyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Mwatumu alihesabu kila funda kimoyomoyo, akapoteza hesabu, akaanza upya, akaogopa kwamba akikosea mtoto ataacha.

Hospitali waliwakuta wauguzi hawana mzaha. Mtoto mchanga mwenye homa alipitishwa mbele ya foleni yote. Daktari, msichana mwenye miwani, alimpima kwapani, akamgeuza, akakitazama kitovu. Pembezoni palikuwa pekundu.

"Homa si kubwa," alisema.

Mhando akashusha pumzi.

"Usishushe bado, baba. Kwa mtoto wa siku hizi chache, homa ndogo haipo. Kitovu kimeingia wadudu, na ndiyo kwanza wanaanza. Atalazwa, atachomwa sindano. Wengi hudhani ni joto la blanketi tu. Nani alijua kwamba si hilo?"

Wakamwonyesha Bi Mgeni.

"Mmempa dawa yoyote? Maana wengine huizima homa nyumbani, wanakuja kwetu wameshachelewa."

Wakamwonyesha Saumu.

"Na mmepitia wapi?"

"Hatujapitia popote," walisema, wakamwonyesha Semboja.

"Basi kimoja kati ya hivyo kingekosekana," daktari alisema, "kesho tungezungumza mengine."

Akaondoka zake. Na hapo Mwatumu, ameketi kwenye benchi la wodi, akafanya kosa ambalo hufanywa na mtu asiyelala. Alisema kwa sauti, mbele ya mashahidi:

"Aliyemwokoa mwanangu ndiye atakayempa jina."

"Amina," walijibu watu watatu.

Mtoto alipona. Akarudi nyumbani akinyonya kwa fujo, mwili umepoa, kitovu kimekauka. Wageni wakaalikwa upya, pilau likapikwa, na mwalimu wa madrasa akaketi mkekani akisubiri jina.

"Mwanakombo," alisema Bi Mgeni. "Jina la mama yangu. Bila viganja hivi mngeendelea kumpika."

"Na jiko aliliwasha nani, mama?" aliuliza Saumu.

"Niliwasha mimi. Nikalitoa mimi. Wewe umewahi kutoa kosa lako kwa mikono yako?"

Saumu alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Mimi nataka aitwe Saumu," alisema, na kwa mara ya kwanza ilibidi watu wainame kumsikia. "Mimi ndiye niliyeishika ile chupa. Na sina mwingine atakayeitwa kwa jina langu."

Wakamgeukia Semboja. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwajabu," alisema. "Alikuwa mke wangu. Tulifika zahanati, tukakuta mlango umefungwa. Tukageuza. Alifia njiani na mtoto wetu tumboni. Tangu siku hiyo namuuliza kila abiria kama amehudumiwa."

Pilau likasahauliwa kidogo.

"Pole, Semboja," Bi Mgeni alisema kwa upole. "Lakini bila kuitwa, ungempeleka nani?"

"Nami bila kuja, mama, mngefika wapi?"

Mwatumu alimtazama Mhando, na Mhando ghafla akakumbuka kwamba kuni zinahitaji kusogezwa. Arobaini ilikuwa bado mbichi. Viganja vya Bi Mgeni ndivyo vingemkanda kila siku. Saumu ndiye angemfulia nepi. Na siku mtoto akiumwa tena, bajaji ni ile ile. Mtu mmoja angefurahi, na wawili walionuna angekula nao sahani moja kila siku.

"Mama mtoto," mwalimu alisema taratibu, "tunasubiri."

Binti aliachia titi, akapiga mwayo. Mwatumu naye akapiga mwayo, akaufunga kwa mkono, akavuta pumzi ili aseme.

Mwacheni hapohapo, pumzi imejaa kifuani, maana hawezi peke yake. Yupo aliyewasha jiko kisha akautambua moto wa mtoto. Yupo aliyeizuia chupa na kuufungua mlango wa arobaini. Yupo aliyejua mlango upi umefungwa. Ahadi ilikuwa ya mmoja, na mtoto ni mmoja. Haya, mliokaa mbele semeni, na nyuma nao wasikike: mwalimu amnong'oneze mtoto jina gani?