Uzi wa Mhina

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya mazimwi, hii ni ya juzijuzi tu, palikuwa na mwandishi wa vitabu, mwanamke, tumwite Siwatu. Majina nimeyageuza, msinifuatilie. Siwatu aliandika hadithi za mashushushu, lakini mashushushu wake hawakuruka madirisha wala kufyatua bastola. Walikaa wakajiuliza: mtu akidanganya kwa ajili ya ampendaye, huyo ni mwongo? Mchapishaji akamwambia apunguze maswali aongeze bastola. Akakataa. Mkaidi yule, kama mimi.

Sasa akataka kuandika kitabu ambacho shushushu mwenyewe ndiye msimulizi, na anamdanganya msomaji. Na shushushu wa kweli alimjua. Ni Mzee Semboja, fundi cherehani, katika mji wa mkonge alikozaliwa Siwatu. Wakati wafanyakazi wa shamba walipopanga mgomo, mtu alimwandikia meneja barua akamtaja kiongozi wao, Mhina. Mhina akafukuzwa siku hiyohiyo na familia yake, akafia ugenini. Na Mhina ndiye baba yake Siwatu. Kwa hiyo binti hakwenda kwa fundi kunywa chai. Alikwenda kumwanika kitabuni.

Mtauliza, ilijulikanaje kuwa ni fundi? Meneja alipoondoka, barua zilikutwa ofisini kwake, rundo zima, zote zimeandikwa kwenye karatasi za kukatia mitindo. Mjini fundi alikuwa mmoja. Watu wakaisoma ya kwanza, ile iliyomtaja Mhina, wakazichoma zilizobaki kwa hasira, wakaenda mlangoni kwake. Semboja akatoka akasema, "Ni mimi." Basi. Tangu siku hiyo, miaka thelathini, hakuna aliyempelekea hata suruali ya kutia kiraka. Akipita, watu wanageukia upande wa pili.

Siwatu akafika, akapokewa vizuri, mke wa fundi, Bi Mwantumu, akaleta chai. Siku ya kwanza mzee akasimulia kwamba barua alizipeleka ndani ya pindo la koti. Siku ya pili, ndani ya mkate. Siku ya tatu, alimpa meneja mkononi, mchana kweupe. Bi Mwantumu anasikiliza, ameinamia birika. Siwatu moyoni anafurahi: huyu ndiye msimulizi wangu, anadanganya hata pasipo haja. Akaandika kurasa mia.

Siku ya nne akaona ukutani nyuzi nyingi zimetundikwa, kila mmoja una mafundo. Akauliza ni za nini. Mzee akamweleza kwamba hivyo ndivyo vipimo vya wateja wake. Kila mteja uzi wake: fundo la kwanza kifua, la pili bega, la tatu mkono. Kuandika hakuwahi kujua, hata namba. Kisha akanyoosha mkono akatoa uzi mmoja mkuukuu.

"Huu ni wa baba yako, mwanangu," akasema. "Alikuwa na kifua kipana."

Kumbe alimjua tangu siku ya kwanza. Siwatu akaupokea uzi, akaupima kwenye kifua chake mwenyewe, ukampwaya. Akalia. Na mimi ningelia, sioni haya kusema.

Alipotulia akauliza, "Baba, kama hujui kuandika, barua aliandika nani?"

Bi Mwantumu akaweka birika chini. "Mimi," akasema.

Akasimulia. Alikuwa msichana, anajua kuandika, na meneja alimtuma aende kwa fundi kama mwanafunzi wa kushona, asikilize wanaokutana pale. Barua ya kwanza aliandika kweli. Lakini siku Mhina alipofukuzwa, alimwona Semboja amekaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi alasiri, anamshonea Mhina shati la safari, machozi yanadondokea kitambaa. Moyo ukamgeuka. Tangu hapo aliandika uongo mtupu. Wanazungumzia harusi, aliandika. Wanazungumzia mpira. Barua arobaini. Meneja akalala usingizi, mgomo ukafaulu, mji mzima ukapata haki yake. Na barua hizo arobaini ndizo zilizochomwa bila kusomwa. Yeye akaolewa na fundi, kwa kumpenda.

Mzee naye akasema lake. Watu walipokuja mlangoni, mkewe alikuwa ndani, mtoto yuko titini. "Sikujua zimeandikwa nini," akasema. "Nilijua tu ni mkono wa nani."

Haya. Kitabu kikaisha, majina ya ndani kayageuza, ukabaki ukurasa wa mbele, pale panapoandikwa kitabu hiki ni zawadi kwa nani na kwa nini. Mchapishaji alimwachia nafasi ya jina moja, na majina yanayostahili ni matatu. Msiniambie aandike yote matatu, nimeshasema moja.

Akiandika Semboja, aliyebeba lisilo lake, mji utamsalimia kabla hajafa, maana mzee ni mgonjwa, kifua kinambana. Lakini watu watauliza lilikuwa la nani, mkewe ataanikwa, na miaka thelathini ya mzee itakuwa ya bure. Mzee amekataa. "Niache hivyo hivyo, nimeshazoea," amesema.

Akiandika Mwantumu, mji utajua uliokolewa na uongo wa nani. Lakini utajua pia ni nani aliyemtaja Mhina. Bi Mwantumu amekubali. "Mimi nitavumilia," amesema. "Nataka mume wangu asalimiwe, hata siku moja." Ila hilo jina ndilo mzee alilolificha kwa maisha yake yote.

Akiandika Mhina, wazee wataishi kwa amani yao ileile ya kuepukwa, na marehemu atapata haki yake, maana yeye hakudanganya mtu, na ndiye aliyepoteza kila kitu. Na ni baba yake.

Siwatu alikuja kwangu na ule ukurasa mtupu, uzi wa baba yake kauzungusha kidoleni. Akaniomba nimsaidie kuamua. Sikuweza kumtazama usoni. Kiberiti kilichochoma zile barua kilikuwa changu, na mlango wa fundi nimeupita miaka thelathini bila kupiga hodi.

Ndiyo nawauliza ninyi mlio mbali, ninyi ambao hamkuchoma kitu. Je, nani alistahili?