Nyanzala na Mtama Aliyefunga Vinywa

Walio nje waingie.

— Tumeingia.

Walioinama wainue nyuso.

— Tumeinua.

Nina neno la zamani, nalo lina uzito. Nilitue?

— Litue, tulishike sote.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, mimea ilisema na watu wakasikia. Katika nchi kavu yenye mawe makubwa aliishi mwanamke aitwaye Nyanzala, yeye na mumewe Shigela na mtoto wao mchanga, Limi. Walikuwa na shamba la mtama na ng'ombe watatu: Madoa, Mweupe na Kipaji. Maziwa ya Nyanzala mwenyewe yalikuwa yamekatika, kwa hiyo Limi aliishi kwa maziwa ya Kipaji.

Nyanzala alikulia katika mtama. Uji wake wa kwanza ulikuwa wa mtama. Alipojifunza kutembea, alitembea akishika mabua ya mtama. Duniani hapakuwa na kitu alichokiamini kama Mtama.

Mwaka huo jua likakaa. Likakaa, likakausha malisho. Likakaa, likakausha kisima cha karibu. Likakaa, likafukuza ndege. Mtama alikuwa amefika magotini, akasimama papo hapo. Majani yake yakajikunja kama mkeka.

Nyanzala akaenda shambani, akauliza, "Mtama, mbona hukui?"

Mtama akajibu, "Nimefunga vinywa."

"Vinywa gani?"

"Majani yangu yana vinywa vidogo vidogo, macho yako hayavioni. Kwa vinywa hivyo navuta hewa. Naipika kwa mwanga wa jua na maji ya mizizi, napata sukari, na sukari ndiyo inayonikuza. Lakini nikivifungua sasa, maji yangu yote yatatokea humo humo. Nimevifunga. Sili, sikui, ila sifi."

Nyanzala akaona huo ni uvivu. Akarudi nyumbani amenuna.

Wingu likapita siku moja, likamwaga mvua ya kulowesha vumbi tu. Mara, chini ya mabua yaliyokauka, vikatokeza vichipukizi vya kijani. Nchi nzima ilikuwa rangi ya majivu. Hapo peke yake palikuwa kijani.

Madoa akalia zizini, "Nyanzala, tunaona majani."

Mweupe akalia, "Nyanzala, tunasikia harufu ya majani."

Wakalia pamoja, "Nyanzala, tazama mbavu zetu."

Shigela alikuwa amekwenda kuteka maji mbali. Kipaji alikuwa amefungwa kwenye kigingi, ametoka kukamuliwa. Nyanzala akafungua zizi, akawatoa wale wawili.

Walipofika ukingoni mwa shamba, Mtama akasema, "Nyanzala, rudi nao. Mimi siye yule unayemjua."

"Wewe ni Mtama uliyenilea," Nyanzala akasema, akapita.

"Nyanzala, rudi nao. Nina uchungu ndani."

"Mwaka huu nani hana uchungu?" Akapita.

"Nyanzala, rudi nao. Watakufa."

"Unawanyima tu," akasema, akawaachia.

Ng'ombe wakala. Wakala kwa pupa, majani yakilia katika meno yao. Nyanzala akasimama akiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu jua likae, akatabasamu.

Tabasamu lilikuwa bado usoni Madoa alipoinua kichwa. Akahema haraka haraka. Akatetemeka. Magoti yakakunjika, akaanguka. Nyanzala akadhani ameshiba, amelala apumzike. Mweupe naye akahema, akatetemeka, akaanguka, jani likiwa bado katika meno.

"Inuka, Madoa," Nyanzala akasema. "Umeshiba sasa, inuka."

Madoa hakuinuka.

Akampiga kofi begani. Akamvuta pembe. Akaweka kiganja puani, hakusikia pumzi. Akaenda kwa Mweupe, akaweka kiganja puani, hakusikia pumzi. Akarudi tena kwa Madoa, kana kwamba mara ya kwanza alikosea.

Shigela akamkuta amekaa kati ya mizoga miwili. Akautua mtungi wa maji polepole mno.

"Mama Limi, nani amewapiga?"

"Hakuna aliyewapiga."

"Nyoka?"

"Hakuna nyoka."

"Basi ni nini?"

Nyanzala akamwonyesha Mtama kwa kidole. Shigela akamtazama mkewe kana kwamba amemtaja mama yake mzazi kuwa ndiye mwuaji.

Nyanzala akachukua jembe. "Nitakung'oa, Mtama. Nitakung'oa wote."

"Ng'oa," Mtama akasema. "Lakini sikia kwanza. Jua lilipokuja, ndege waliruka. Swala walihama. Wewe ulitafuta kisima kingine. Mimi mguu wangu umo ardhini. Chipukizi langu likiliwa, nimekwisha. Nifanyeje? Katika kila jani nimeweka kitu kimoja chumba hiki, na kitu kingine chumba kile, na ukuta katikati. Kila kimoja peke yake hakiui. Meno yakibomoa ukuta, vinakutana, na sumu inazaliwa papo hapo mdomoni."

Nyanzala akauliza, "Yaani meno yao wenyewe?"

"Meno yao wenyewe."

"Na siku zote hizi, nilipokuwa nikicheza kati ya mabua yako, ulikuwa nayo?"

"Nikiwa mchanga huwa nayo kidogo. Jua likinibana, naiongeza. Nikikomaa, naipunguza. Nilikuambia, Nyanzala. Nilikuambia mara tatu."

Nyanzala akageuka, akawatazama Madoa na Mweupe.

Shigela akasema, "Ng'oa, Mama Limi. Tusiuone tena."

"Tukiung'oa, tutakula nini?"

Nyanzala akaweka jembe chini. Wakakata miiba, wakalizungushia shamba ua, mnyama asiingie. Kipaji wakamlisha maganda makavu ya migunga, akatoa maziwa kidogo, yote yakaenda kwa Limi. Wao wenyewe wakakaza mishipi, wakangoja.

Mvua ikaja, mvua ya kweli. Mtama akafungua vinywa. Akakunjua majani, akapanda, akawapita watu kimo, akatoa masuke mazito mekundu. Wakavuna, wakapura, wakasaga. Nyanzala akasonga ugali wa kwanza. Kabla hajaupakua akakumbuka jambo, akatoka mbio hadi shambani.

"Mtama, ile sumu uliitupa wapi?"

"Sikuitupa," Mtama akasema. "Mimi situpi kitu. Niliivunjavunja, nikaijengea punje."

Nyanzala akasimama kama aliyepigwa. "Imo katika ugali wangu?"

"Kilichokuwa sumu kimo. Sasa ni chakula."

Akarudi nyumbani. Shigela alikuwa amekwisha kuupakua ugali na kunawa, mkono u karibu na sahani. Nyanzala akamwambia alichosikia. Shigela akaurudisha mkono magotini.

Wakakaa wakiutazama ugali. Ulikuwa ukifuka mvuke. Limi akawa analia njaa. Nyanzala akamega tonge, akalishika muda, akalitia kinywani. Shigela akamtazama koo. Akamtazama kifua. Akamtazama magoti.

Nyanzala akameza. Wakangoja.

"Mtamu," akasema.

Ndipo machozi yakamtoka, akawalilia Madoa na Mweupe huku akimega tonge la pili. Shigela akanawa mikono upya, akala.

Basi ndiyo maana hata leo mfugaji mwenye akili hawalishi ng'ombe mtama mchanga uliopigwa na jua, hata uwe wa kijani namna gani. Na ndiyo maana unayemwona amesimama kimya katika shida, usiseme amelala. Hujui anapika nini ndani.

Mkiniuliza kama mtama bado unasema, wa kwangu haujanijibu kitu. Nadhani umeona ninavyolima, ukakata tamaa.

Mzigo nimeutua. Mwenye mabega aubebe.

— Tumeubeba.

Mwenye usingizi alale nao.