Sindano ya Tatu

Tak.

Ulikuwa mlio mdogo tu, kama wa mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Aliyelala asingeamka. Lakini mlio huo, uliotoka chumbani kwa Kalunde kabla jogoo hawajawika, ndio uliotuletea maneno mliyoyasikia leo kwa mjomba wenu mkacheka: Mvuta nguo huvunja sindano. Mmeniuliza nani aliyasema kwanza, na alikuwa akimvuta nani. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Kalunde alikuwa mshonaji wa Kaliua, siku zile ambazo kila kitu kilisubiri garimoshi. Alikuwa na cherehani ya mkono, ile ambayo mkono wa kulia unazungusha mpini na wa kushoto unaongoza nguo. Alishona sare za shule, mashuka na foronya, vitambaa vigumu vinavyojiendea vyenyewe. Satini hakuwahi kuishona hata siku moja. Na asubuhi hiyo, mezani pake, palikuwa na gauni la satini nyeupe ambalo halijaunganishwa ubavu hata mmoja. Lilikuwa gauni la Nyamizi, mchumba wa mdogo wake, Mrisho.

Desturi mnaijua. Upande wa mwanamume ndio unaopeleka begi la bi harusi: kanga, viatu, manukato, na juu kabisa gauni la kutokea. Bi harusi havai lingine. Sasa sikilizeni. Miaka miwili nyuma, Nyamizi huyu alikaa ndani amepakwa hina, akingoja begi la mchumba mwingine. Alingoja mpaka magharibi. Begi halikuja, wala mwenye begi. Wageni walikula pilau kimya kimya wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga, maana hawakujua waage kwa maneno gani. Ndiyo maana safari hii bibi yake, Bi Sikudhani, aliyemlea tangu mchanga, alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Begi lisipoingia nyumbani kwangu kabla ya adhana ya adhuhuri, msihangaike kuja tena. Mjukuu wangu hatangoja magharibi mara ya pili."

Hakuna aliyemlaumu.

Kitambaa kilichelewa njiani. Kilishuka stesheni Alhamisi jioni, Ijumaa Kalunde akakikata, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Aliamka kabla ya alfajiri, akakaa, akazungusha mpini. Sindano ilishuka na kupanda, lakini nguo haikwenda. Cherehani ikadonoa tundu lilelile kama kuku mwenye punje moja. Basi akafanya wanavyofanya washonaji wengi nguo inapogoma: alipitisha mkono nyuma ya sindano, akaishika satini, akaivuta.

Tak. Ndio mlio ule.

Alikuwa na sindano tatu, zikabaki mbili. Akafunga ya pili, akanuia kuvuta polepole. Kukapambazuka. Bi Chausiku, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akaingia na kibakuli cha uji amekifunika kwa sahani.

"Kunywa kwanza, mwanangu. Naona leo cherehani yako hailii."

"Hailii, Bi Chausiku, ila haiendi pia."

Akavuta kidogo. Ikaenda hatua tatu. Akavuta tena. Tak! Safari hii ncha iliyovunjika ilichuna satini, ikang'oa nyuzi mbili karibu na kiuno. Kalunde aliweka kidole juu ya ule mchubuko kama mtu anayezuia damu. Kitambaa cha akiba hakikuwepo.

Mrisho alikimbia dukani, akarudi mikono mitupu. Sindano zingekuja na garimoshi la Jumatatu. Alipitia kwa fundi wa sokoni pia, na fundi akacheka: "Mimi nashona kaki, bwana harusi. Satini ni kambale, itanitoroka mkononi."

"Sasa, dada?" akauliza Mrisho. Alikuwa bado amevaa shati la kulalia, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

Aliyejibu ni Bi Chausiku. "Yuko Fundi Feruzi, nyuma ya stesheni. Alishona sare za reli miaka thelathini. Macho yameingia ukungu na mikono inatetemeka, lakini masikio anayo."

Wakaenda. Mrisho aliifunga cherehani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaisukuma. Bi Chausiku aliibeba satini kifuani, ameifunga katika karatasi ile nyembamba iliyokuja nayo kwenye garimoshi, vumbi lisiiguse. Vijana wa kijiweni wakapata la kusema.

"Bwana harusi! Mke amekataa, umeoa cherehani?"

"Mwangalie alivyomshika kiuno!"

Siku nyingine Mrisho angewarudishia. Siku hiyo aliinamisha kichwa akasukuma.

Fundi Feruzi aliwapokea mlangoni, akiwatambua kwa sauti. Hakuuliza mengi. Aliitaka cherehani iwekwe juu ya meza, akainama, akaleta sikio karibu.

"Zungusha, binti."

Kalunde akazungusha.

"Inasema kama mtu mwenye ugali mdomoni." Kisha akanusa. "Haya! Nani aliyeipikia mchuzi?"

Bi Chausiku alitazama chini, satini kifuani. "Ni mimi, Fundi. Juzi Kalunde alikuwa msibani, akaniachia ufunguo. Kila siku naisikia inalia, nikaionea huruma. Nikaitia mawese."

Kalunde alihisi joto la hasira likimpanda shingoni. Mawese, kwenye cherehani! Kisha akaona vidole vya yule mama vilivyoishika ile karatasi, jinsi vilivyojibana, akakumbuka kwamba ni yeye pekee aliyeleta uji asubuhi hiyo. Hasira ikashuka.

"Alinisaidia," akasema. "Mwenye cherehani ni mimi, nami sikuiangalia kabla ya kuanza."

"Vizuri," akasema Fundi. "Fungua bati lililo chini ya sindano."

Kalunde alipolifungua aliona mambo. Vumbi la nguo la miaka mingi lilikuwa limenyonya mawese, likagandamana kama keki nyekundu kati ya meno yale madogo ya chuma yanayosogeza nguo. Hayakuonekana kabisa. Kalunde alichokoa kwa mwiba, akapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akachokoa tena. Nje, Mrisho alikuwa akipita na kurudi mbele ya dirisha. "Saa nne na nusu," akasema, ingawa hakuulizwa.

"Sasa kabla hujafunga," Fundi akasema, "zungusha taratibu utazame. Nieleze, maana mimi sioni."

"Meno yanapanda. Yanasogea nyuma. Yanashuka. Yanarudi mbele."

"Yanaposogea nyuma, sindano iko wapi?"

"Iko juu, imetoka kwenye nguo."

"Na sindano ikiwa ndani ya nguo?"

Kalunde alizungusha tena, polepole sana. "Meno yametulia chini. Hayagusi kitu."

"Na mkono wako unaovuta, huo hutulia saa ngapi?"

Kalunde akaacha mpini. Aliiona sababu kabla hajaisema. Mkono wake haukutulia kamwe. Ulivuta sindano ikiwa juu, ukavuta ikiwa ndani. Na ukivuta ikiwa ndani, unaipinda. Inaposhuka haioni tundu lake, inagonga chuma.

"Siyo cherehani iliyozivunja," akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe. Cherehani ina meno yake, yanajua lini yasogeze na lini yangoje. Ikigoma, tafuta kinachoizuia. Mkono wa kushoto kazi yake ni kuonyesha njia, kama mwenyeji anavyomtembeza mgeni. Wewe umekuwa askari."

Akamwambia alegeze skrubu iliyo juu ya mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana nguo, mizunguko miwili, kwa kuwa ulikuwa umekazwa kwa ajili ya shuka na kaki, na satini haipendi kubanwa hivyo. Kalunde akafunga sindano ya tatu. Alijaribu kwenye kipande cha ukingoni. Nguo ikaenda, kisha ikateleza upande, meno yakikwaruza bila kushika.

"Inateleza, Fundi. Laini mno."

Fundi akakuna kidevu. Sare za reli hazikuwahi kuteleza. "Hapo sijui, binti," akasema, na ilionekana alichukia kusema hivyo.

Kalunde alitazama meno, akatazama satini, kisha macho yake yakaanguka kwenye ile karatasi mikononi mwa Bi Chausiku. Meno yalihitaji kitu cha kuuma. "Mama, nipe hiyo." Akaiweka chini ya kipande, karatasi ikae juu ya meno na satini juu ya karatasi. Akazungusha. Meno yakaiuma karatasi, karatasi ikaibeba satini, zikaenda pamoja kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwisho akaichana karatasi, na mshono ukabaki umenyooka, haukukunjamana hata mahali pamoja.

"Nipe nisome," Fundi akasema, akinyoosha mkono. Kalunde akamwekea kipande kiganjani. Kidole chake kinachotetemeka kilipita juu ya mshono mpaka mwisho. "Mbona hili sikulijua miaka yote!"

Ubavu wa kwanza ukapita. Bi Chausiku alikata karatasi vipande virefu, akawa anampa kimoja kimoja. Ubavu wa pili ukafika kiunoni, ambapo satini ilikuwa imekunjwa mara nne. Hapo cherehani ikazubaa.

"Saa tano na nusu!" Mrisho akasema dirishani. "Dada, mashangazi wamekwisha kujipanga na begi. Linangoja gauni tu."

Kalunde alizungusha. Nguo haikwenda. Sindano hii ikivunjika hakuna nyingine mpaka Jumatatu, na Jumatatu hakuna harusi.

"Binti," Fundi akasema kwa utulivu, "mkono wako wa kushoto uko wapi?"

Kalunde akautazama. Ulikuwa nyuma ya sindano, umeishika nguo. Hakujua umefikaje huko.

"Uko nyuma, Fundi."

"Unamwamini nani, meno au woga wako?"

Akautoa. Akauweka mapajani, kwa kuwa hakuuamini. Akainua mguu wa cherehani, akakuta mkunjo mmoja umejikusanya chini yake, akaulaza kwa ukucha. Akateremsha mguu. Akazungusha kwa mkono wa kulia peke yake: tundu moja, akangoja. La pili, akangoja. Bi Chausiku alikuwa amefumba macho. Tundu la tano. La sita. Kisha nguo ikashuka upande wa pili wa mkunjo, cherehani ikaanza kukimbia, na Fundi Feruzi akacheka peke yake gizani kwake.

Begi liliingia kwa Bi Sikudhani wakati muadhini anakohoa kusafisha koo. Vigelegele vikapaa. Ningependa kuwaambia mambo yaliishia hapo.

Lakini gauni lilipowekwa mbele ya Nyamizi kitandani, alilitazama, akasema, "Sitoki."

Bi Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Sitoki, bibi. Mara ile pia vigelegele vilipigwa. Nikitoka na asiwepo?"

"Yuko nje, mtoto wewe! Watu wamejaa. Inuka!" Akamshika mkono akavuta. Nyamizi akashika ubao wa kitanda kwa mkono wa pili. Bibi akavuta zaidi. Bangili moja ya kioo ikapasuka, vipande vikaanguka sakafuni. Shangazi mmoja akanyanyuka kwenda kusaidia kuvuta.

Kalunde alikuwa mlangoni, mikono bado inanuka mafuta ya taa. Alisema kabla ya kufikiri.

"Bibi, mwache tafadhali. Nimevunja sindano mbili leo kwa mkono huu. Mvuta nguo huvunja sindano."

Bi Sikudhani akamgeukia, bado ameushika mkono wa mjukuu wake. Kalunde alivua viatu, akaingia, akaketi kwenye mkeka, kando ya kitanda.

"Nyamizi," akasema, "Mrisho yuko nje. Leo amesukuma baiskeli mji mzima, vijana wakimcheka, ili gauni hili lipate mshono. Sikuambii utoke. Ukitoka saa nane, ni saa nane. Ukitoka kesho, tutapika tena. Hataondoka."

Kisha akafunga mdomo, na hilo, wajukuu zangu, ndilo lililokuwa gumu zaidi. Vidole vya Bi Sikudhani vikalegea, kimoja kimoja. Adhana, iliyokuwa imeanza, ikaisha. Nje watu walinong'ona.

Nyamizi akanyoosha mkono kwenye gauni. Akapitisha kidole ubavuni, akasimama kiunoni.

"Hapa pamechubuka."

"Ndiyo. Hapo nilivuta."

Nyamizi akacheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na kilio. Akafuta macho kwa ukingo wa kanga. Akateremsha miguu chini mwenyewe.

"Nivalishe, wifi."

Jioni, bi harusi alipokwisha kupelekwa kwa mumewe na sahani ya pilau ikiwa imetangulia kwa Fundi Feruzi, Kalunde alirudi kumuaga Bi Sikudhani. Alimkuta ameketi kizingitini. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya, mkeka umekunjwa, na vipande vya bangili vimefagiliwa kando.

"Unajua kwa nini nilimvuta?" bibi akasema. "Nilitaka iishe upesi. Kama jino linalong'olewa. Tangu ana siku arobaini sijalala bila kumsikia akipumua." Akatazama vile vipande vya bangili. "Ulisema kweli. Mvuta nguo huvunja sindano."

Kalunde akainama kumbusu mkono. Bi Sikudhani akaushika wake, akaubana, kisha kama aliyekumbuka jambo, akaulegeza.

"Njoo tena, mwanangu," akasema. "Usingoje mpaka uwe na cha kuleta. Njoo tu."