Maharage Yaliyokwama Mpakani

"Saini hutangulia, miguu hufuata." Maneno haya yameandikwa kwa rangi ya bluu juu ya dirisha la ofisi ya masomo ya uzamili, katika chuo kimoja cha kilimo. Vijana watatu waliokuwa wamerudishiwa fomu zao za safari walikuwa wakiyasoma kwa kununa, na Mzee Ngaiza akawasikia. Mzee huyu alikuwa tarishi wa chuo hicho kwa miaka thelathini na mmoja, na siku hiyo alikuja kuwajulia hali wenzake wa zamani.

"Shikamoo, mzee," alisema mmoja wao. "Hivi haya maneno aliyatunga nani?"

"Marahaba. Aliyeyatamka ni mkurugenzi wa ofisi hii, lakini aliyeyazaa ni mwanafunzi kama ninyi. Sogeeni mkae."

Wakakaa naye kwenye benchi, akawaeleza jinsi methali hiyo ilivyopatikana.

Siku hizo, barua ikisafiri kwa basi na faksi ikiwa ndiyo ajabu ya mjini, alikuwapo binti mmoja aitwaye Tusekile Mwakalinga, mwenyeji wa Rungwe. Alikuwa akisomea shahada ya uzamili, na utafiti wake ulikuwa maharage ya asili. Kwa mwaka mzima alipanda na kushuka milima akiomba mbegu kwa bibi wa watu, hadi akapata aina kumi na tisa. Kulikuwa na haragwe lenye madoa kama yai la kware, na jingine lililoitwa Mgeni Kaa, kwa kuwa huiva kabla mgeni hajamaliza kusalimia. Mengine yalikuwa yamebaki katika shamba la mtu mmoja tu duniani.

Siku moja akapata barua kutoka Zomba, Malawi. Wataalamu wa mbegu walikuwa na mkutano, wakamwalika azungumze kwa dakika ishirini na aende na mbegu zake, ili sehemu ya kila aina ihifadhiwe katika ghala la baridi isipotee. Malazi na chakula vilikuwa juu yao. Tusekile aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akakimbia kumwonyesha Mama Nsia, katibu muhtasi wa idara.

Mama Nsia alimpongeza, akafungua droo na kumpa fomu ya njano. "Anza na hii, mwanangu. Inataka saini ya msimamizi wako, ya mkuu wa idara, ya amidi, halafu ya mkurugenzi. Una wiki tatu. Zinatosha ukianza leo."

"Saini tu hizo, mama! Zitapatikana."

Basi binti akaanza na yale yaliyokuwa matamu. Akashona gauni la kitenge. Akatia mbegu katika vichupa kumi na tisa na kuviandika majina kwa mwandiko wa kupendeza. Akakata tiketi. Kila jioni alihutubia kuku wa jirani yake, na kuku wakawa wanayajua maharage kuliko wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Fomu ilikaa ndani ya daftari.

Aliikumbuka Jumatano, na basi lilikuwa la Alhamisi alfajiri. Msimamizi wake akatia saini palepale. Lakini mkuu wa idara alikuwa msibani, na amidi alikuwa kikaoni mjini hadi Ijumaa. Tusekile alisimama mbele ya mlango uliofungwa. Kuahirisha safari aliona hawezi. Akajiambia, "Nitaikamilisha nikirudi. Nani atajua?" Akaikunja fomu, akaitia begini, akaondoka.

Alilala kwa shangazi yake Kyela, na Ijumaa asubuhi akafika mpakani. Pasipoti yake haikuwa na kasoro. Kisha mkaguzi wa mimea, Bwana Kapufi, akaviona vichupa.

"Hizi mbegu ni za nani?"

"Za utafiti, baba. Za chuo."

"Vizuri. Chuo kinajua kwamba ziko hapa?"

Tusekile akaanza kuvipanga upya vichupa.

"Na wewe je? Chuo kinajua kwamba uko hapa?"

Hapo machozi yakamlenga. Bwana Kapufi hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akasema kwa upole, "Binti yangu, mbegu za utafiti sizipitishi bila barua ya chuo, na chuo hakiwezi kuandika barua ya safari kisiyoijua. Ukitaka kupita mwenyewe, pita. Mbegu zitabaki."

"Nikienda bila mbegu nitakuwa nimeenda kufanya nini, baba?"

Yule mkaguzi akamsogezea simu, naye akapiga chuoni. Mama Nsia alipoisikia habari hiyo hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Fomu iko wapi?"

"Ninayo hapa, begini."

Mama Nsia akacheka hadi simu ikakwaruza. "Yaani wenye saini wako huku, fomu iko mpakani! Haya, usiondoke Kyela."

Akajaza fomu mpya kwa mkono wake. Ngaiza, siku hizo tarishi kijana, akapanda baiskeli, akaipata saini ya msimamizi bustanini, ya mkuu wa idara nyumbani alikokuwa ndio kwanza amerudi kutoka msibani, na ya amidi juu ya boneti ya gari kabla hajazima injini. Mkurugenzi aliipokea saa kumi na moja jioni, akaisoma kwa muda mrefu, akatia saini. Barua ya chuo ikaandikwa, ikatumwa kwa faksi.

Siku hiyo nzima Tusekile alikuwa amekaa mpakani akiwaza. Madereva wa malori, waliokuwa wakisubiri zamu zao, wakamwuliza ana nini ndani ya vichupa. Alipoanza kueleza akasahau huzuni yake, akajikuta ameitoa hotuba yote. Mama mmoja aliyekuwa akivuka alilishika lile lenye madoa, akamwambia, "Umekosea hapa. Hili halipandwi pamoja na mahindi, litanyong'onyea. Lipande pamoja na mihogo." Tusekile akatoa kalamu, akaandika haraka. Kuku hawakuwahi kumsahihisha.

Jumamosi saa nne Tusekile akaichukua barua posta ya Kyela, akarudi nayo mpakani. Bwana Kapufi akazikagua mbegu, akaandika cheti, akampungia mkono. Tusekile alifika Zomba Jumatatu alasiri, zamu yake ya asubuhi imekwisha kupita. Wakampa nafasi ya mwisho kabisa, Jumatano, nusu ya watu wakiwa wamekwisha kufunga mizigo. Alipofika kwenye habari ya mihogo, waliokuwa mlangoni wakarudi kukaa. Aina zote kumi na tisa zikapokelewa ghalani.

Aliporudi chuoni alikuta wito wa mkurugenzi. Akaingia akiwa amejiandaa kuomba radhi. Fomu ilikuwa mezani.

"Nimepata sifa zako kutoka Zomba," alisema mkurugenzi. "Lakini fomu hii ina kasoro. Kuna saini moja haipo."

"Ya nani, mheshimiwa?"

Akaigeuza, akagusa mstari wa kwanza kwa kidole. *Saini ya mwombaji.* Juu yake Mama Nsia alikuwa ameandika: *Yuko mpakani.*

Tusekile alishika kichwa. "Nisamehe, mheshimiwa. Kumbe miguu yangu ilitangulia, na saini ndiyo inafuata leo!"

Mkurugenzi alicheka, akampa kalamu. "Tia saini. Ila kuanzia sasa, wewe na wenzako, iwe kinyume chake: saini hutangulia, miguu hufuata."

Mama Nsia, aliyekuwa nyuma ya mlango akisikiliza, hakungoja kesho. Alikwenda kutafuta rangi ya bluu.

Mzee Ngaiza alipomaliza, wale vijana walikuwa wakicheka. Mmoja wao alikuwa tayari ameiweka fomu juu ya goti na kufungua kalamu.

"Utasafiri lini?" mzee akamwuliza.

"Mwezi ujao, babu."

"Basi leo ndiyo siku yake. Saini hutangulia, miguu hufuata."