Mtungi Uliotoa Jasho Sawasawa

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitadai jibu.

Navoneiwa wa Mwanga alikuwa na mimba kubwa wakati wa jua kali, na hakutamani kitu ila maji baridi. "Atakayenipoza roho," aliahidi, "nikizaa binti, atakuwa wajina wake."

Shangazi zake watatu walisikia. Nakundwa alijua udongo, Nambike alijua moto, na mdogo wao, Nakijwa, alijua utomvu wa miti. Wakubwa walikuwa na wajina tele kijijini. Nakijwa hakuwa na hata mmoja, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Nakundwa akafinyanga mtungi, akachanganya udongo na pumba za mpunga, ili zikiungua ziache vitundu. Mtungi wa vitundu hutoa jasho, na jasho ndilo hupoza maji.

Nambike akauchoma pamoja na mitungi mingine. Upepo ukageuka ghafla, mitungi hiyo yote ikapasuka. Huu aliukinga kwa vigae, huku nyusi zake zikiungua, ukatoka mzima.

Lakini vitundu vilizidi. Waliujaza asubuhi, mchana wakakuta mtungi mtupu na sakafu tope.

"Dada, umefinyanga chujio," Nambike akasema.

Nakijwa akachemsha utomvu wa fenesi, akaupaka mtungi kwa nje, shingo hadi kitako, kwa mapenzi yake yote. Halikuvuja tone. Wala halikutoka jasho, na maji yakawa vuguvugu.

"Haya ya kuogeshea mtoto," Nakundwa akasema, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nakijwa naye akacheka, ingawa alikuwa karibu kulia.

Kisha akaanza kuukwangua utomvu, kidogo kidogo, mtungi ukiwa na maji. Kila akikwangua aliuwekea shavu, akangoja, akakwangua tena. Kitako akakiacha na utomvu wake. Mwishowe tumbo la mtungi likalowa, sakafu ikabaki kavu.

Navoneiwa akanywa, akafumba macho. "Nimepoa, shangazi zangu."

Alfajiri akazaa binti.

"Bila vitundu vyangu, maji yangepoaje?" Nakundwa akauliza.

"Bila moto wangu, mngekuwa na tope," Nambike akajibu.

"Bila utomvu wangu, angelamba sakafu," Nakijwa akasema.

Navoneiwa akacheka kitandani. "Niliahidi jina moja tu. Pataneni wenyewe."

Nakijwa ndiye aliyekuwa amembeba mtoto. Jina lake mwenyewe lilifika ulimini, akalizuia, akawatazama dada zake.

Haya, mtoto amefumbua macho, anangoja kuitwa. Wewe ungemwita nani?